Kijana Unayemsomesha Nyumbani Hataki Chuo: Mwongozo Kamili kwa Mzazi Aliyeko Marekani

Kusomesha watoto nyumbani ni halali katika majimbo yote 50 ya Marekani, na kati yetu tunaoongea Kiswahili huku wapo walioichagua njia hiyo. Mmoja aliichagua kwa ajili ya dini, mwingine baada ya mtoto kuonewa shuleni, mwingine kwa kuwa shifti za usiku zilimwachia mchana wote na watoto. Miaka ya mwanzo inakwenda vizuri tu. Kisha mtoto anafikisha miaka 16, unamtajia chuo, anakujibu "sioni haja". Ukirudia swali anavaa vipokea sauti masikioni na mazungumzo yameishia hapo.

Msimamo wangu ni huu, na hatua zote zilizo chini zinatokana nao: usihangaike kumfanya akubali. Hangaikia kitu kingine, kwamba siku akikubali, hata akiwa na miaka 20, makaratasi yawe tayari, awe amewahi kukaa kwenye darasa la chuo, na asiwe amepoteza nafasi au fedha kwa kutojua. Kuamua ni kwake. Kuhakikisha anaamua akiwa na habari kamili ni kwako.

Neno "chuo" nalitumia kwa upana: chuo kikuu cha miaka 4, chuo cha jamii cha miaka 2, hata cheti cha ufundi wa umeme au viyoyozi cha miezi kadhaa. Sisi wazazi tukisema chuo tunaona joho na udaktari. Kijana naye anaona hivyo hivyo, na mara nyingi hicho ndicho anachokikimbia.

Hatua ya 1: Jua anakataa nini hasa

"Sitaki chuo" ni jibu la juu juu. Chini yake huwa kuna sababu, na sababu hazifanani. Kumpa anayeogopa darasa mahubiri kuhusu mishahara ni kupoteza pumzi.

Mahali pazuri pa kuongea ni ndani ya gari, mnakwenda dukani, yeye anaangalia barabara na wewe unaangalia barabara. Usianze na "tukae tuongee", maana kijana akisikia hivyo anajua kuna kesi. Jaribu hivi:

"Mama, mi nimeshasema chuo sitaki."

"Sawa, nimekusikia. Hebu nipe namba tu. Sifuri ni kwamba hutaki hata kulisikia hilo jina, kumi ni kwamba ungeanza kesho. Wewe uko wapi?"

"Mbili. Labda tatu."

"Mbona tatu? Kwa nini hukusema sifuri?"

Anakaa kimya mpaka taa ya pili. "Kwa sababu ile kazi ya kutengeneza miguu ya bandia, nimeona lazima mtu asome."

Angalia swali lilivyoulizwa. Wengi wetu tungesema "mbona tatu tu, kwa nini si nane?", na kijana angeanza kutetea kukataa kwake, kila sentensi ikimkaza zaidi. Ukiuliza kwa nini si chini zaidi, anatoa mwenyewe sababu za kwenda. Mbinu hii imetoka kwa wanasaikolojia William Miller na Stephen Rollnick. Ilianzia kwenye kazi ya kuwasaidia watu wenye shida ya pombe, ambao nao wamechoka kuhubiriwa. Akishasema, usirukie. Jibu "mh, sikujua unalipenda hilo", nunueni mchele mrudi nyumbani.

Sababu ninazozikuta mara kwa mara ni hizi.

Hofu ya darasa ndiyo inayojificha kuliko zote. Mtoto aliyesomea mezani jikoni hajawahi kunyoosha mkono mbele ya watu 30, hajawahi kufanya mtihani huku saa inahesabu, hajui watu wanakusanyaje kazi. Hatasema "naogopa". Atasema "chuo ni kupoteza muda".

Ya pili ni deni. Ameangalia video za watu wa miaka 35 wanaolia na mikopo, na hajakosea kuogopa.

Ya tatu ni fedha ya sasa. Rafiki yake yuko ghalani, analipwa kila wiki, ana gari. Chuo kinamwambia asubiri.

Ya nne inatuhusu wenyewe. Kama kwa miaka minane umemwambia kwamba shule zinaharibu watoto, ndiyo maana yuko nyumbani, leo unamwambia aingie kwenye shule iliyo kubwa kuliko zote akae na watu usiowajua. Kwake hilo halina mantiki. Hapa dawa ni wewe kurekebisha kauli yako waziwazi: "Ulipokuwa na miaka 8 nilitaka ukulie karibu nami. Sasa una miaka 17, nakuamini." Baada ya hapo mwonyeshe kwamba zipo njia za kusoma huku anaishi nyumbani na anaswali au anaabudu mahali pale pale.

Na wapo waliochoka tu, au wanaoamini hesabu imewashinda. Hawa usiwachanganye na wasiotaka.

Hatua ya 2: Acha kumdai, na uwatulize ndugu

Waliobaki nyumbani wanatuita wabeba boksi, nasi tumelizoea jina. Tatizo ni pale boksi linapogeuka ankara. "Nimebeba boksi miaka yote hii ili wewe usome" ni kweli tupu, lakini kijana akiisikia anaona chuo ni deni lako analopaswa kulilipa kwa maisha yake. Wengine hulipa kwa kuingia na kufeli mwaka wa kwanza. Msimulie kazi yako ilivyo, shifti ya CNA (msaidizi wa wauguzi) ilivyo saa tisa usiku, mgongo unavyouma, halafu ishie hapo. Atafanya hesabu mwenyewe.

Kwa ndugu, kubalianeni jibu mapema. Mjomba akipiga simu ya video, baada ya "shikamoo" na "marahaba" swali ni moja tu: "Unasomea nini sasa?" Kijana asiye na jibu hujiona mshindwa mbele ya ukoo mzima. Mpe la kusema: "Bado naangalia, mjomba, naanza na somo moja." Wewe ukiwa pembeni unaongezea "tunakwenda naye polepole", basi. Mjomba atasema samaki mkunje angali mbichi. Kijana wa miaka 17 hakunjiki tena, lakini hilo usimjibu mjomba kwenye simu.

Kwenye kundi la familia la WhatsApp, picha ya joho la mtoto wa binamu haihitaji kusomwa kwa sauti wakati wa chakula.

Hatua ya 3: Wekeni fedha mezani bila kutishana

Kijana anayekataa kwa sababu ya fedha anastahili namba. Kwa takwimu za kazi za serikali ya Marekani za 2023, mfanyakazi wa kutwa nzima mwenye miaka 25 na zaidi aliyeishia sekondari alikuwa na kipato cha katikati cha dola 899 kwa wiki. Mwenye shahada ya miaka 2 alikuwa na dola 1,058, na mwenye shahada ya kwanza dola 1,493. Mwambie na upande wa pili: hizo ni za katikati, si ahadi. Yupo fundi bomba anayemzidi mwenye shahada, na yupo mwenye shahada anayeendesha Uber.

Sasa gharama. Ada ya chuo cha jamii kwa mkazi wa eneo ni wastani wa kama dola 4,000 kwa mwaka. Chuo kikuu cha jimbo kwa mkazi wa jimbo kilikuwa wastani wa kama dola 11,600 mwaka wa masomo wa 2024–25, kabla ya chumba na chakula. Ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo hairudishwi, ilikuwa na kikomo cha dola 7,395 kwa mwaka wa masomo wa 2024–25. Kwa familia ya kipato kidogo, ruzuku hiyo kamili inamaliza ada ya chuo cha jamii na kubakiza ya vitabu na nauli. Kijana mwingi hajawahi kuambiwa hivyo. Anachokijua ni bei ya vyuo vya kwenye sinema.

Huiombi Pell peke yake. Mnajaza fomu ya serikali kuu ya kuomba misaada ya masomo, iitwayo FAFSA, ambayo kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba kwa ajili ya mwaka unaofuata. Mtoto aliyesomeshwa nyumbani kwa kufuata sheria ya jimbo lake anaruhusiwa, na kwenye fomu anajieleza kuwa amemaliza sekondari kwa elimu ya nyumbani. Haihitajiki GED, ule mtihani wa cheti kinacholingana na cha sekondari. Narudia hili kwa sababu wazazi wengi huwapeleka watoto kufanya GED bila haja, na kijana anaona kama vile miaka yake yote ya nyumbani haikuhesabika. Raia na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu wanastahili kuomba. Kama hadhi yenu ni nyingine, ulizeni ofisi ya misaada ya fedha ya chuo mnachokitaka kabla ya kukata tamaa. Mzazi asiye na namba ya usalama wa jamii anaweza kufungua akaunti yake ya FAFSA kwa ajili ya mtoto anayestahili.

Kuhusu mikopo, mweleze kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi kwa kawaida hawezi kukopa kwa serikali zaidi ya dola 5,500. Madeni ya kutisha hutokana na mikopo ya benki, vyuo ghali na mikopo ya wazazi, na anayeumia kuliko wote ni aliyekopa kisha akaacha katikati. Wekeni kanuni ya familia: hakuna mkopo wowote mpaka amalize muhula wa kwanza kwa alama nzuri.

Kisha fungueni tovuti ya chuo kimoja. Vyuo vinavyopokea misaada ya serikali vinatakiwa kuwa na kikokotoo cha gharama halisi, yaani kiasi familia kama yenu ingelipa baada ya ruzuku. Mwache yeye ashike kompyuta na aingize namba. Mara nyingi ni usiku mmoja unaotosha kuondoa nusu ya hofu.

Hatua ya 4: Aonje somo moja akiwa bado kwako

Ukifanya hatua moja tu kati ya zote, fanya hii.

Majimbo mengi humruhusu kijana wa sekondari kusoma masomo ya chuo, na krediti, yaani pointi za kila somo, zinahesabika pande zote mbili, sekondari na chuo. Majina yanatofautiana. Minnesota wana PSEO tangu 1985, kwa vijana wa darasa la 10 hadi la 12, wakiwemo wa nyumbani, na ada na vitabu hulipiwa. Ohio wana College Credit Plus, inayoanzia darasa la 7. Huko mzazi wa nyumbani huomba fedha jimboni kwanza, na tarehe ya mwisho huwa miezi kadhaa kabla ya masomo kuanza, kwa hiyo aliyekumbuka Agosti amechelewa. Washington wana Running Start kwa darasa la 11 na 12. Kwa jimbo lako, piga simu chuo cha jamii kilicho karibu, uliza ofisi ya udahili kuhusu masomo ya chuo kwa mwanafunzi wa sekondari, na utaje mapema kwamba anasomea nyumbani. Ukipokelewa na mtu asiyejua, omba jina la anayeshughulikia hilo. Karibu kila chuo anakuwepo mmoja.

Vyuo vingi vitamtaka afanye mtihani wa kumpangia madarasa, mara nyingi ACCUPLACER. Kwa mtoto mwenye hofu ya saa, habari njema ni kwamba mtihani huo wa maswali ya kuchagua hauna muda maalumu. Ajizoeze kwanza na maswali ya bure, maana akipangiwa hesabu za chini anaweza kuanza na somo la marekebisho ambalo halimpi krediti ya shahada, na hiyo humvunja moyo.

Somo lipi? Hapa wazazi tunaharibu. Tunachagua hesabu au uandishi "ili amalize magumu mapema". Kijana asiyetaka chuo apewe somo analolipenda tayari. Anayefungua simu na kuzirekebisha aende kwenye somo la elektroniki. Anayekesha na katuni aende kwenye uchoraji wa kompyuta. Anayemhudumia bibi yake aende kwenye lugha ya tiba, ambalo ni somo jepesi kiasi na linampa maneno ya kuwashangaza manesi. Liwe somo la ana kwa ana kama usafiri upo. La mtandaoni linafanana mno na alichokuwa akifanya mezani kwako, na wageni kwenye chuo huachwa nyuma humo kimyakimya.

Kabla hajajiandikisha aelewe jambo moja zito: alama anayopata sasa inakaa kwenye rekodi yake ya chuo daima. Kuna tarehe ya kuacha somo bila alama yoyote, kwa kawaida katika wiki za mwanzo, na kuna tarehe ya baadaye ambapo ukiacha unaandikiwa W, yaani ulijitoa. Tarehe hizo mbili ziandikwe kwenye karatasi ya jokofu. F ya mtoto wa miaka 16 inaweza kumsumbua kwenye misaada ya fedha akiwa na miaka 19.

Wiki ya kwanza kaa naye na silabasi. Ni karatasi ya kurasa kadhaa anayopewa na mwalimu, na kwa mtoto wa nyumbani ni kitu kipya kabisa, kwa sababu kwako tarehe ya kazi ilikuwa "ukimaliza". Achukue kalamu tatu. Ya kwanza izungushie mitihani, ya pili kazi za kukusanya, ya tatu kanuni za kuchelewa. Kisha vyote vihamie kwenye kalenda ya simu na kengele ya siku tatu kabla. Atafute saa za mwalimu za kuonana na wanafunzi, aende wiki ya pili na swali moja dogo, hata kama jibu analijua. Akishaongea na mwalimu mara moja, darasa halimtishi tena kama mwanzo. Barua pepe kwa mwalimu iandikwe na yeye: kichwa kiwe na namba ya somo, salamu, swali, jina kamili. Wewe soma kabla haijatumwa, kwa mara ya kwanza tu.

Na baada ya hapo utoke. Kwa sheria ya faragha ya 1974 iitwayo FERPA, mwanafunzi wa chuo, hata akiwa na miaka 16, ndiye mwenye haki ya rekodi zake za chuo. Ukimpigia mwalimu kuuliza alama, kwa kawaida hatakwambia. Baadhi yetu hili hutuuma, tulizoea kuwa mwalimu, mwalimu mkuu na mpishi kwa pamoja. Lakini ndicho kitu chenyewe kijana alichokuwa anakihitaji, mahali ambapo mafanikio yake hayakupitia mikononi mwa mama.

Hatua ya 5: Tengeneza transkripti (rekodi ya masomo na alama), hata kama amesema hapana

Kazi hii haimhitaji yeye akubali chochote. Ianze darasa la 9. Kama umechelewa, anza wikiendi hii.

Sheria ya jimbo ndiyo msingi. Texas, ambako mahakama kuu ya jimbo mwaka 1994 ilikubali kwamba shule ya nyumbani ihesabiwe kama shule ya binafsi, haidai utoe taarifa. Pennsylvania na New York wanadai taarifa, kumbukumbu na tathmini. Kila barua uliyopata kutoka wilayani hifadhi nakala.

Transkripti yenyewe ni ukurasa mmoja: jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, jina la shule yenu ya nyumbani, masomo kwa mwaka, krediti, alama, wastani wa alama kwa kipimo cha 4.0, tarehe ya kuhitimu, sahihi yako. Kipimo cha kawaida ni kwamba saa 120 za somo ni krediti 1, yaani kama dakika 40 kwa siku kwa siku 180. Vyuo vingine huomba sahihi ithibitishwe na mthibitishaji, kwa hiyo uliza.

Ukae na daftari lako la zamani utashangaa yaliyomo. Mtoto aliyeandika mapato na matumizi ya duka lenu la vyakula kwa mwaka mzima, akajifunza programu ya hesabu na kusoma kitabu cha uhasibu, amesoma "Misingi ya Uhasibu, krediti 0.5". Anayesoma na kuandika Kiswahili, si kukisikia tu ukimkaripia, ana lugha ya kigeni ya miaka miwili ikiwa kazi alizofanya zipo. Andika aya moja kwa kila somo: kitabu gani, kazi zipi, ulipimaje. Usiongeze chumvi. Ofisa wa udahili ameona transkripti nyingi za A tupu zilizosainiwa na mama, na ndiyo maana B+ moja kutoka chuo cha jamii ina uzito.

Mwonyeshe kijana ukurasa ukikamilika. Wengi huwa hawajui kwamba walichokifanya kina jina.

Hatua ya 6: Mitihani michache, kwa sababu maalumu

Vyuo vingi havilazimishi tena SAT wala ACT, mitihani ya kuombea chuo, na vyuo vikuu vya University of California havizitazami kabisa. Hata hivyo kwa mtoto wa nyumbani alama nzuri ni ushahidi kutoka nje ya nyumba, na baadhi ya ufadhili hutolewa kwa alama hizo. SAT siku hizi hufanywa kwa kompyuta, saa 2 na dakika 14, jumla ya alama 1600. PSAT, ambayo ni SAT ya majaribio, hufanyika Oktoba, na mtoto wako hana shule ya kumwandikisha, kwa hiyo ni wewe kupiga simu shule za karibu miezi kadhaa mapema ukiomba nafasi. Kama familia yenu ina kipato kidogo, ulizeni msamaha wa ada.

CLEP wachache huijua. Ni mitihani 34, na ukifaulu, chuo kinachoikubali kinakupa krediti bila kukaa darasani. Alama inayopendekezwa ni 50. Kiswahili hakimo, kwa bahati mbaya, lakini Kifaransa kimo. Kijana wa Kikongo aliyekulia kwenye Kifaransa anaweza kutoka kwenye chumba cha mtihani na krediti za muhula mzima wa lugha au zaidi. Shirika la Modern States hutoa kozi za bure za maandalizi pamoja na vocha ya kulipia mtihani. Kwa kijana anayesema chuo ni kirefu mno, mwonyesheni jinsi kinavyofupishwa.

Hatua ya 7: Akutane na watu, na wewe usiwepo

Ziara rasmi ya chuo, ile ya kutembezwa na mwanafunzi anayetembea kinyumenyume, haimgeuzi mtu. Omba akae kwenye darasa moja la kawaida, ale kwenye kantini, akae maktaba saa moja bila wewe. Wewe subiri kwenye gari. Kweli, kwenye gari.

Mtafute kijana aliyemzidi miaka miwili au mitatu, mwenye Kiswahili, ikiwezekana naye alisomea nyumbani. Msikitini na kanisani huwapo. Vyuo vingi vina jumuiya ya wanafunzi wa Kiafrika. Wape hela ya pizza, usiulize walichoongea. Atasikia mambo ambayo wewe huwezi kumwambia, kwamba mwenzake alifeli kemia na akarudia, kwamba chakula ni kibaya, kwamba mwezi wa kwanza ni mpweke na wa tatu si mpweke. Ukweli wa aina hiyo unavuta kuliko sifa.

Na kama haoni nafasi ya mtu kama yeye, mtajie kwamba Kiswahili kinafundishwa kwenye vyuo vikuu kama Wisconsin–Madison, Indiana na Ohio University. Mtoto anayeona haya kukuitikia kwa Kiswahili mbele ya rafiki zake atashangaa kwamba kuna Wamarekani wanaokihangaikia darasani.

Upande wa kazi ni vivyo hivyo. Ongea na fundi umeme au mtaalamu wa maabara unayemjua, kijana akae naye siku moja. Akirudi akasema anataka ufundi, usikunje uso. Mafunzo ya ufundi yaliyosajiliwa na Wizara ya Kazi humlipa mtu huku anajifunza, na mengi yana masomo ya chuo cha jamii ndani yake.

Hatua ya 8: Akiomba mwaka wa kupumzika, mpe kwa maandishi

Mwaka wa kupumzika si ushindi wake wala kushindwa kwako, ila usiwe wa kulala. Andikeni ukurasa mmoja: kazi ya saa ngapi kwa wiki, mchango wake wa nyumbani, kitu kimoja atakachojifunza, na mwezi mtakaozungumza tena. Asaini, nawe usaini.

Kuna mtego. Akishahitimu kisha akachukua masomo ya chuo "ya kujaribu tu", baadhi ya vyuo vikuu vitamhesabu kama mwanafunzi wa kuhamia, na ufadhili wa wanaoanza mwaka wa kwanza utampita. Somo lile lile akilichukua kabla ya kuhitimu halina shida hiyo kwa kawaida. Na tarehe ya kuhitimu kwenye transkripti unaiandika wewe. Kwa hiyo kabla hamjafanya sherehe ya mahafali sebuleni mwezi Mei, pigieni simu chuo kimoja au viwili mnavyovifikiria mkaulize. Njia nyingine ni kuomba chuo sasa, akubaliwe, kisha aombe kuahirisha mwaka. Vyuo vingi hukubali, kwa masharti yao.

FAFSA ijazeni mwaka huo hata kama amesema haendi. Haina malipo, na kuijaza hakumfungi.

Na akisema hapana kabisa, akaondoka nyumbani, fanya mambo mawili. Mpe bahasha yenye transkripti iliyosainiwa, maelezo ya masomo, cheti cha kuhitimu na rekodi ya somo lolote la chuo alilosoma, nawe ubaki na nakala. Kisha umweleze kwamba kwa kawaida serikali humhesabu mwanafunzi asiyefikisha miaka 24, asiye na ndoa wala mtoto, kuwa anategemea wazazi. Akitaka kuanza chuo akiwa na miaka 21, FAFSA itaomba taarifa zako za kodi, hata kama anaishi jimbo jingine na hamjapigiana simu tangu Idi au Krismasi. Mwambie leo kwamba siku hiyo utazitoa, na hutamuuliza alikuwa wapi.